Mbio Zikifutwa, Jipangie Tarehe Yako

Programu ya marathoni huandikwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Unachukua siku ya mbio, unahesabu wiki 16 nyuma, unaweka mbio ndefu ya kilomita 32 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, unapunguza kilomita wiki mbili za mwisho, na kila Jumanne na Jumapili ya katikati inapata kazi yake kutokana na tarehe hiyo moja. Ndiyo maana mbio zikifutwa, mtu aliyekuwa akiamka saa 10 na nusu alfajiri bila kusukumwa na yeyote hujikuta kitandani hadi saa 1. Wengi hujilaumu kwamba wamekuwa wavivu. Wanajionea. Miguu ni ileile na pumzi ni ileile, ila Jumanne haina tena sababu. Maneno ya kujitia moyo hayatibu hali hiyo. Kinachoitibu ni tarehe nyingine yenye uzito, nayo ipatikane mapema, ndani ya siku kumi hivi.

Mwaka 2020, wa janga la korona, ulitufundisha hili kwa nguvu. Kilimanjaro Marathon iliwahi kukimbiwa Moshi Machi 1, na siku hiyohiyo Tokyo ilikimbiwa na wanariadha wa kulipwa peke yao, wakimbiaji wa kawaida kwa maelfu wakiwa wameambiwa wabaki makwao. Boston ya Aprili 20 ikasogezwa hadi Septemba 14, kisha Mei 28 ikafutwa kabisa, mara ya kwanza tangu ianze mwaka 1897. London ya Aprili 26 ikasogezwa hadi Oktoba 4, na ilipofika ikawa ya wanariadha wa kulipwa tu, wakizunguka St James's Park. Berlin, Chicago na New York zikafutwa.

Ukiangalia Boston na London utaona jambo ambalo wengi hulipuuza: kuahirishwa kunaumiza mkimbiaji kuliko kufutwa. Mbio zikifutwa, unajua. Zikiahirishwa, unaendelea kushikilia programu ya kilele kwa miezi mitano ya ziada, mbio ndefu kila Jumapili, na mwili haukubali. Kilele hakikai zaidi ya wiki mbili tatu. Anayejaribu kukishikilia huanza kuumwa kisigino au mfupa wa mbele wa mguu, hulala vibaya, na mwishowe huchukia kukimbia. Kwa hiyo tarehe mpya ikiwa mbali zaidi ya wiki 12, ihesabu kama imefutwa. Shuka kwanza, kisha upande upya.

Namna ya kushuka inategemea habari imekukuta wiki ya ngapi. Zikiwa zimebaki wiki mbili au pungufu, kazi yote umeshaifanya na mwili uko juu, basi utumie: kimbia kilomita 10 au 21 kwa nguvu zako zote ndani ya siku kumi. Marathoni ya New York ya 2012 ilifutwa Ijumaa, Novemba 2, kwa sababu ya kimbunga Sandy, wakati mbio zilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo maelfu ya wakimbiaji walikwenda Central Park wakakimbia wenyewe, na wengine walipanda feri kwenda Staten Island kuwapelekea waliopatwa na maafa mahitaji yao. Wote hao waliipa siku ile kazi, na hilo ndilo la maana.

Lakini kilomita 42 za peke yako kwa kasi ya mashindano sizishauri. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini huanza kukuishia karibu na kilomita 30, na kwenye mbio halisi hapo ndipo penye meza za maji, watu wa kukupigia kelele na gari la wagonjwa. Barabarani peke yako hakuna hata kimoja. Zaidi ya hapo, utahitaji wiki tatu hadi nne kurudi katika hali yako, kwa matokeo ambayo hayakuonyeshi uwezo wako. Waliokimbia Boston ya mbali mwaka 2020, popote walipokuwa kati ya Septemba 5 na 14, walipewa sharti la kumaliza ndani ya saa 6 tu, na naliona kuwa sharti la busara: liliwaondolea watu tamaa ya kasi. Kama ni lazima ukimbie 42, tafuta mzunguko wa kilomita 5 unaopita nyumbani, na rafiki mwenye baiskeli akubebee maji na kitu chenye sukari, gramu 30 hadi 60 kwa saa.

Habari ikikukuta zimebaki wiki 6 hadi 8, punguza kilomita za wiki kwa theluthi moja. Aliyekuwa akikimbia 60 ashuke hadi 40. Kitu kimoja kisipunguzwe: siku moja ya kasi kwa wiki. Majaribio ya Robert Hickson na wenzake huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalionyesha kwamba watu waliojizoeza vizuri waliweza kupunguza sana idadi ya siku za mazoezi na bado wakabaki na uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa wiki nyingi, mradi ukali wa zile siku chache haukupungua. Walipopunguza ukali, uwezo ulishuka. Watu wengi hufanya kinyume: wanaendelea na kilomita zilezile za polepole na kuacha kasi, kwa sababu kasi ndiyo inayohitaji moyo wa kutaka.

Sasa tarehe yenyewe. Iliyo nzuri kuliko zote ni jaribio la muda la kilomita 5. Ni fupi kiasi kwamba halikuharibii wiki, na ni refu kiasi kwamba haliwezi kukimbiwa kwa ujanja. Lipange wiki 4 hadi 6 mbele, uliandike kwenye kalenda ya ukutani, umwambie mtu. Lisilo na shahidi huahirishwa mvua ikinyesha.

Ukipata uwanja wa mita 400, kilomita 5 ni mizunguko 12 na nusu. Anza upande wa pili wa uwanja, kwenye alama ya mita 200, ili umalizie kwenye mstari wa kumalizia. Kaa njia ya kwanza. Njia ya pili inakuongezea karibu mita 7 kila mzunguko, ambazo kwa mizunguko 12 na nusu zinakaribia mita 90, na kwa mtu wa dakika 5 kwa kilomita hizo ni kama sekunde 26. Viwanja vya nyasi au vumbi vya shule zetu mara nyingi si mita 400 kamili, kwa hiyo pima kwanza kwa futi kamba ndefu, sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani. Mkipima mara moja watu wawili kazi imekwisha, hamtapima tena.

Bila uwanja, tafuta barabara iliyonyooka, uende kilomita 2.5 na kurudi palepale. Kwenda na kurudi hupunguza udanganyifu wa upepo na mteremko. Pembeni mwa bahari jijini Dar es Salaam, barabara ya Barack Obama kuelekea Oysterbay inafaa alfajiri kabla magari hayajawa mengi. Nairobi, msitu wa Karura una njia nzuri lakini zina vilima, basi usilinganishe muda wa Karura na wa uwanjani. Saa za GPS hukosea kati ya majengo marefu na chini ya miti, na pengo la mita 50 hadi 100 kwa kilomita 5 si ajabu. Tafuta alama isiyohama, nguzo ya umeme au kibao, uanzie hapo na ugeukie penye alama nyingine, kila jaribio liwe kwenye alama zilezile. Kinachopimwa ni wewe wa leo na wewe wa wiki 5 zilizopita, na hapo njia moja ina thamani kuliko umbali kamili.

Anza saa 12 asubuhi au mapema zaidi. Pwani, jua likishapanda, joto na unyevu vinakuchukulia dakika nzima au zaidi, na utarudi nyumbani ukidhani umerudi nyuma. Pasha misuli kwa dakika 15 za kukimbia polepole, kisha kasi fupi nne za sekunde 20, katikati yake ukitembea dakika moja. Kama lengo lako ni dakika 25, nusu mzunguko wa kwanza uwe sekunde 60 na kila mzunguko unaofuata dakika 2 kamili. Hapa ndipo wengi huharibu. Bila kundi la kuwazuia wala kuwavuta, wanaondoka kwa dakika 1 na sekunde 50, wanajisikia wepesi hadi mzunguko wa nne, na kufikia wa tisa wanatoa dakika 2 na sekunde 12 huku mabega yamepanda masikioni. Shahidi asimame kwenye mstari na simu, akutajie kwa sauti muda wa kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza ukisikia chini ya 1:57, shusha hapohapo. Mizunguko ya 8 hadi 10 ndiyo migumu, kwa kuwa mwanzo umeshapita na mwisho hauonekani. Hapo acha kuwaza mizunguko iliyobaki, fikiria mita 100 zinazofuata tu.

Ukimaliza, andika: muda wa kila mzunguko, hali ya hewa, viatu, saa ulizolala, ulichokula. Kisha tumia kanuni ya Peter Riegel, mhandisi Mmarekani, inayokadiria kwamba umbali ukiongezeka maradufu muda huzidishwa kwa karibu 2.085. Dakika 25 za kilomita 5 zinakuwa kama dakika 52 za kilomita 10, na kama saa 1 na dakika 55 za nusu marathoni, ikiwa umefanya mbio ndefu za kutosha. Hapo jaribio la dakika 25 linageuka habari juu ya nusu marathoni ambayo haikufanyika, na mkimbiaji anaanza kutaka jaribio linalofuata. Lisifanywe kila wiki. Mwili hauwezi kuboreka ndani ya siku 7, na matokeo yaleyale mara tatu mfululizo huvunja moyo kuliko kufutwa kwa mbio.

Kati ya majaribio ndiko kuliko na faida iliyofichika, kwa sababu mkimbiaji wa kawaida mwenye mbio nyingi kwenye kalenda hapati nafasi ya kujenga. Kila baada ya wiki nane anapunguza, anashindana, anapumzika, anaanza tena. Kalenda ikiwa tupu, wiki 8 za vilima zinawezekana. Chagua mlima unaopandika kwa sekunde 60 hadi 90, usio mkali kiasi cha kukukunja mgongo. Dar es Salaam ni tambarare, lakini kule Mlimani, kwenye Chuo Kikuu, mipando ipo. Panda mara 6 wiki ya kwanza, ongeza moja kila wiki hadi 10, na kushuka uwe unajikokota. Anayeshuka kwa kasi ndiye anayeamka kesho yake hawezi kukaa chooni, maana misuli ya mbele ya paja huumia zaidi inapozuia mwili usianguke kuliko inapousukuma.

Pamoja na vilima, nguvu za miguu mara mbili kwa wiki, dakika 20 tu. Simama kwa ncha ya mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, panda kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3, mara 12, seti tatu kila mguu. Seti moja goti likiwa limenyooka, nyingine limekunjwa kidogo, kwa sababu misuli ya ndani ya kigimbi hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Kisha kaa na uinuke kwenye kiti kwa mguu mmoja, mara 8, seti tatu. Fanya haya siku ileile ya kasi, jioni, ili siku nyepesi ibaki nyepesi. Matatizo mengi ya kisigino na goti yanayowatoa watu kwenye mbio yangepungua kwa mazoezi haya mawili, na hakuna anayeyafanya kalenda ikiwa imejaa.

Kwamba mwaka bila mashindano unaweza kuwa mwaka wa kujenga, waliothibitisha zaidi ni majirani zetu wenyewe. Olimpiki ya Tokyo iliposogezwa kwenda 2021, Joshua Cheptegei wa Uganda alibaki Kapchorwa akijizoeza, na Agosti 14, 2020, huko Monaco, akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa 12:35.36, kisha Oktoba 7, Valencia, ya mita 10,000 kwa 26:11.00. Peres Jepchirchir wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni ya wanawake peke yao, yaani bila wanaume kwenye mbio hizo, mara mbili mwaka uleule, Septemba Prague na Oktoba Gdynia, mashindano ya Gdynia yakiwa yenyewe yamesogezwa kutoka Machi. Hao ni watu wa kulipwa na wana makocha. Lakini nao kwa miezi hawakuwa na tarehe ya uhakika, na hawakuacha kazi.

Kuhusu kikundi. Kenya ilipoweka kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri mwishoni mwa Machi 2020 na mazoezi ya pamoja kukatazwa, klabu nyingi za mitaani zilibaki na kundi la WhatsApp tu. Kundi linasaidia likitumiwa vizuri. Kila mtu aandike mpango wake wa wiki Jumapili jioni, siku na kilomita, kabla hajaufanya. Wanaoandika matokeo peke yake huandika siku nzuri na kunyamaza siku mbaya, halafu wananyamaza kabisa. Na kiongozi apige simu kwa aliyenyamaza wiki mbili; ujumbe hautoshi.

Hatari ya kundi la simu ni kasi. Mtu akiona mwenzake amekimbia kwa dakika 5 na sekunde 10 kwa kilomita, kesho yake mbio yake nyepesi inakuwa 5:05, na ndani ya wiki tatu hakuna tena aliye na siku nyepesi. Kipimo ni mazungumzo: siku nyepesi unapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mwenye 25 kwa kilomita 5 atakuwa kwenye 6:15 hadi 6:45. Katika kundi, siku nyepesi zitajwe dakika tu, bila kasi.

Kuna hali ambapo hata barabara imefungwa. Rwanda ilifunga Machi 2020 na watu wakakatazwa kutoka kwa mazoezi. Uganda nayo ilikataza, na Rais Museveni akatoa video ya kukimbia ndani ya ofisi yake. Ukilazimika kuzunguka ua wa nyumba, badili mwelekeo kila dakika 5, kwani kuzunguka upande mmoja humwelemea mguu wa ndani, hasa kifundo na nyonga. Kamba ya kuruka inafaa: dakika 1 kuruka na sekunde 30 kupumzika, mara 10, juu ya udongo au mkeka, si kwenye saruji tupu. Ngazi za ghorofa, panda kwa kasi na ushuke kwa kutembea, dakika 20. Mwezi huo wa Machi Mfaransa mmoja karibu na Toulouse alimaliza marathoni nzima kwenye roshani ya mita 7, akitumia saa 6 na dakika 48. Namheshimu, lakini ni kugeuka zaidi ya mara elfu sita, na magoti ya wengi hayana ruhusa hiyo.

Na siku ambazo hutaki kabisa? Vaa viatu, toka, kimbia dakika 10. Ukifika dakika ya kumi bado hutaki, geuka urudi: umepata dakika 20, na tabia haikukatika. Ila hali hiyo ikijirudia kwa wiki nzima, pima mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo 7 au zaidi, siku tatu mfululizo, na usingizi ni mbovu, tatizo si hamu. Umechoka au unaanza kuumwa. Pumzika siku 5, na homa ikiwapo nenda kapime malaria kabla ya kuamua lolote. Wiki moja au mbili za kupumzika kabisa hazikupotezei mengi. Kinachoshuka haraka ni ujazo wa damu, nao hurudi haraka ukianza tena. Baada ya wiki mbili bila kukimbia, rudi na nusu ya kilomita zako za kawaida, kisha robo tatu, kisha zote wiki ya tatu.

Pesa ya kiingilio, soma masharti mapema: waandaaji wengi huhamishia nafasi yako mwaka unaofuata badala ya kurudisha fedha, na usipojaza fomu kwa wakati unapoteza vyote. Iliyookolewa kwenye nauli na hoteli ninunulie nini? Viatu. Raba za kukimbilia huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, na za mtumba zinaweza kuwa na soli ya nje nzuri huku sponji ya ndani imekufa. Bonyeza kwa kidole gumba ubavuni mwa kisigino. Kama hairudi, au ina mikunjo mingi iliyolala, iache sokoni.

Tarehe mpya ikitangazwa, hesabu wiki kabla ya kulipa. Kwa marathoni, kutoka kwenye msingi wa kilomita 40 kwa wiki, unahitaji wiki 12 kamili, tatu kati yake ziwe na mbio ndefu za kilomita 28 hadi 32. Wiki zikiwa 8, chukua mbio za kilomita 21. Zikiwa 5 au pungufu, chukua ya kilomita 10, na uikimbie kwa kasi uliyoipata kwenye jaribio lako la mwisho, ukiongeza sekunde 12 hadi 13 kwa kila kilomita.